Namba ya Ma Restituta

Kabla ya kompyuta kuja, Restituta Kokuhirwa alikuwa mwanamke anayeogopwa kuliko wote hapa Buhembe, na hakuwahi kumdhuru mtu. Kazi yake katika chama chetu cha kuzikana ilikuwa kupeleka habari za misiba. Ukimwona anashuka kwenye pikipiki karibu na kwako, kitenge amekifunga kiunoni, unaacha ulichoshika na kuanza kuwapitisha moyoni ndugu zako wagonjwa. Akipita bila kugeuza shingo unamshukuru Mungu, kisha unaona haya, maana anakwenda kwa jirani.

Wanasema mjumbe hauawi. Ni kweli, hakuna aliyemuua. Lakini mbwa waliachwa makusudi bila kufungwa siku alizopita, na mke wangu aliwahi kumwagia moto maji jikoni, chakula kikiwa hakijaiva, ili nyumba ionekane haina watu. Restituta aliuona moshi ule wa moto uliozimwa, akaketi barazani kungoja. Hakuwa mtu wa kukata tamaa upesi.

Alikuwa na utaratibu wake. Akikaribishwa kwa "nyegera waitu" anaingia, anaomba maji ya kunywa, anauliza habari za migomba, anauliza mvua, na wakati huo macho yake yanatafuta kama humo ndani yumo mtu mwingine mwenye nguvu ya kukushika ukianguka. Kama uko peke yako, anamwita jirani kwa kisingizio cha kuazima ungo. Hapo ndipo anaposema, "Mama amezidiwa. Jiandae twende." Hasemi amekufa. Kwetu mtu hatajiwi kifo cha mzazi wake hivi hivi kama anatajiwa bei ya samaki. Anaambiwa mgonjwa amezidiwa, anaachiwa njia nzima ya kutembea na neno hilo, na akifika akakuta watu wamejaa uani, moyo wake umeshatangulia.

Kila mtu anajua kwamba ni uongo, na bado unasaidia. Restituta, Mkatoliki wa kuwahi misa ya kwanza, aliniambia kwamba huo ndio uongo pekee ambao hajawahi kuupeleka kwenye kitubio. Mimi ni Mlutheri, sikuwa na la kumshauri.

Mimi naitwa Rutashobya, na ndimi mwenyekiti wa chama hicho, kwa sababu hakuna mwingine aliyekubali. Tulianza majirani wachache wa Buhembe. Baadaye wakaja watu wa Rubafu, wakaja wa Muleba, na mwisho hata wavuvi wa kisiwa cha Goziba, ambao wenyewe wanaishi kambini lakini wake na wazazi wao wako huku. Miguu ya Restituta haikutosha tena. Watu walikuwa wanapata habari wenzao wakiwa wamesharudi makaburini, na lawama zote zinaletwa kwangu.

Lameki, mume wa binti yake Restituta, ni fundi wa kompyuta pale mjini Bukoba. Yeye ndiye aliyetutengenezea mtambo. Siyo mashine ya kushika. Ni ukurasa kwenye intaneti, unaufungua kwa neno la siri, unaandika ujumbe kwenye kisanduku, unaweka tiki kwenye majina ya watu unaotaka waupate, unabonyeza "Tuma", na simu zao zinalia Rubafu, Muleba na kisiwani kwa wakati mmoja. Kila jina lina neno lake pembeni: "Imetumwa", halafu ikiingia kwenye simu ya mtu, "Imefika". Wakijibu, majibu yanarudi kwenye ukurasa ule ule, sehemu iliyoandikwa "Zilizoingia". Ujumbe wote unatoka kwa namba moja, namba ya chama. Tulipanga chumba nyuma ya duka la dawa za mifugo, tukaweka kompyuta, na Restituta akawekewa kiti.

Hakuupenda mwanzoni. Ujumbe wake wa kwanza ulianza kwa salamu, ukaendelea na mvua ya Rubafu na senene ambao mwaka ule walichelewa, na kabla marehemu hajatajwa mtambo ukawa umeshaukata kwa urefu.

"Mama, sema tu nani amefariki, wapi, na mazishi lini," alisema Lameki kwa upole wa mkwe.

"Nani, wapi, lini," Restituta alirudia. "Hivyo ndivyo wanavyotangaza mnada."

Akajifunza hivyo hivyo. Lakini jambo moja alilikatalia katakata: mfiwa wa karibu hatumiwi ujumbe. Kabla ya kubonyeza "Tuma" alitafuta jina la mtoto au mjane, akaliondolea tiki, na kwa huyo akaenda mwenyewe au akapeleka mtu, na maji yakaombwa na migomba ikaulizwa kama kawaida.

Zilizoingia ndizo zilizomfurahisha. Lameki alitegemea watu wajibu "Poleni" basi. Wapi! Mzee mmoja wa Rubafu alijibu kila tangazo kwa kuuliza kama Restituta mwenyewe hajambo. Mvuvi mmoja wa Goziba aliandika kwamba amechoka ugali, anaota ebitoke, zile ndizi za kupika, na tafadhali mkewe apewe salamu. Mwingine ng'ombe wake alipotea akaona amweleze Restituta. Mama mmoja wa Muleba aliandika maneno mawili tu: "Nimeisoma nimesimama." Hilo Restituta, ambaye hakuwahi kumpa mtu habari akiwa amesimama, alilisoma, akavua miwani, akatoka nje kupunga upepo. Aliwajibu wote, mmoja mmoja, kwa simu yake mwenyewe.

Taratibu akaanza kupendwa. Akawa anapita Buhembe kwa miguu, anaitwa ndani, anapewa kahawa ya kutafuna. Mbwa wakafungwa. Aliniambia siku moja, "Ta Rutashobya, huu mtambo umeniondolea kifo usoni. Siku hizi nakaribishwa kabla sijabisha." Nilicheka, nikamwambia ni kweli. Sikuona sababu ya kumwambia zaidi.

Sasa nije kwa kaka yake.

Karugendo aliishi Rubafu, kwenye kibanja cha baba yao, na alikuwa mtu mgumu. Simsemi vibaya marehemu, watoto wake wenyewe wanasema hivyo. Mwanawe wa kwanza, Gozbert, aliingiwa na wazo la vanila. Baba akiwa amelazwa mjini, kijana akakata mibuni mikongwe iliyopandwa na babu yake, akaweka vanila. Karugendo alirudi kutoka hospitali akaona visiki. Hakupiga kelele. Alisema tu kwamba aliyekata miti ya baba yake hana baba, akaingia ndani akafunga mlango. Gozbert akaenda Goziba kuvua dagaa. Tangu hapo, mtu akimuuliza mzee habari za Gozbert, anajibu kwamba hana mtoto wa jina hilo. Na Gozbert naye akaacha kupokea simu yoyote ya nyumbani, hata ya shangazi yake. Ila chama hakukitoka. Kila tangazo letu, mbele ya jina lake, tuliona "Imefika".

Mzee akaugua tena. Restituta akahamia Rubafu kumuuguza, akamlisha uji, akamgeuza kitandani. Asubuhi moja akafa mikononi mwake.

Nilikuwa ofisini nilipomwona anaingia, tope limemfikia magotini, macho makavu. Nikasimama.

"Pole sana, Ma Restituta. Kaa wewe, nipe mimi nitume."

"Wewe?" alisema. "Wewe ukigusa hapo utamtangaza mtu aliye hai." Akavuta kiti akakaa.

Kwa wengine ilikuwa rahisi. Ugumu ulikuwa kwa Gozbert. Katika ukoo wao mwana wa kwanza ndiye anayetupa udongo wa kwanza, na mazishi yalikuwa kesho yake alasiri. Asingekuja, ule ugomvi ungefukiwa pamoja na mzee, na hakuna ambaye angekuja kuufukua. Na ili aje ilibidi aambiwe, na aambiwe vizuri, maana angesafiri na habari hiyo majini, na ziwa si mahali pa kumpasulia mtu jambo akiwa peke yake.

Restituta alimpigia kwa simu yake. Haikupokelewa. Alipiga kwa yangu, hivyo hivyo. Tukampigia Najibu, wakala wa boti pale mwaloni Nyamkazi. Akasema mtu wake wa Goziba yuko majini, harudi kambini mpaka jioni, na boti ya kuja Bukoba inaondoka jioni hiyo hiyo. Akiikosa, nyingine ni keshokutwa.

"Namba ya chama anaisoma," nilisema.

"Ndiyo iliyobaki," alisema Restituta.

Akaondoa tiki zote, akaacha moja tu. Akaandika polepole, kwa kidole kimoja: "Gozbert mwanangu, ni shangazi Resti. Baba amezidiwa, anakuulizia. Panda boti ya leo jioni." Aliusoma tena, akaona uko sawa. Ulikuwa ule uongo wake wa siku zote, umevaa nguo fupi. Akabonyeza. Imetumwa. Tukakodolea macho kioo kile mpaka neno likabadilika: Imefika.

Akashusha pumzi. Hazikupita dakika nyingi, Zilizoingia ikawaka.

"Amekufa lini?"

Restituta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya kitenge, akaivaa tena. Maneno yalikuwa yale yale. Akanigeukia kwa hasira ambayo sijawahi kuiona kwake.

"Umempigia wewe?"

"Sijampigia."

"Basi nani amemwambia? Tangazo sijatuma! Nimeandika amezidiwa. Soma hapo, nimeandika amezidiwa!"

Nilijua nani amemwambia. Nilitoa simu yangu mfukoni, nikatafuta tangazo la msiba uliopita, nikamwekea mezani. Juu ya ujumbe, mahali panapokaa jina la anayetuma, palikuwa na neno moja: MSIBA.

"Nini hiki?"

"Ni namba ya chama. Ndivyo nilivyoihifadhi."

"Wewe peke yako?"

"Wengi, Ma Restituta. Karibu wote. Mke wangu ameandika Yesu Nisaidie."

Restituta hakuwa amewahi kuliona neno lile MSIBA, kwa sababu ndiye aliyekuwa anatuma na namba yake mwenyewe haikuwa kwenye kundi. Namba ile haikuwahi kuleta habari ya harusi wala ya mgonjwa. Ilileta kifo tu, na watu wakaipa jina la msiba. Gozbert hakuhitaji kutajiwa kifo. Alijua kuna aliyekufa tangu simu ilipolia mkononi mwake, na ujumbe ukamwonyesha tu ni nani.

"Kumbe bado natembea na kitenge kiunoni," alisema Restituta.

Nilimhurumia sana. Nilijilaumu pia kwamba sikumwambia siku ile alipousifia mtambo, lakini ungemwambiaje mtu jambo kama hilo akiwa anacheka?

Akageukia kompyuta. Sasa alikuwa anatakiwa kufanya jambo ambalo maisha yake yote alilikwepa. Akaandika: "Leo asubuhi. Nisamehe mwanangu. Uko na nani hapo?"

Jibu likaja: "Niko na wenzangu tunaanika dagaa."

"Mwambie mmoja aje akae karibu na wewe."

Tukasubiri. Muuza dawa huko mbele alikuwa anabishana na mteja kuhusu kupe.

"Amekaa."

Sijui kama kweli kuna mtu alikaa. Restituta aliamua kuamini. Aliandika kwamba mazishi ni kesho alasiri, Rubafu, na kwamba watamsubiri yeye. Ilifika. Nikadhani maongezi yameisha. Kisha likaingia swali.

"Na hilo la kuniulizia, ni kweli?"

Vidole vya Restituta vilibaki juu ya vitufe.

"Mwandikie ndiyo," nilimwambia. "Mwandikie alikuulizia mpaka mwisho. Nani atakuja kukukamata? Kijana apande boti, yaishe."

"Hakumuulizia," alisema.

"Najua hakumuulizia. Nilimfahamu Karugendo."

"Hukumfahamu," alisema Restituta. "Juzi nilimuuliza, tumwite Gozbert? Akanikaripia. Akasema, mwacheni, yuko kazini."

Nilikuwa nimesikia kwa masikio yangu, nje ya kanisa lao, yule mzee akisema hana mtoto wa jina hilo.

Restituta aliandika "Ndiyo" akaifuta. Akaandika tena, akafuta tena. Mwisho akaandika moja kwa moja bila kuinua kichwa: "Hapana, hakukuulizia. Nilimuuliza kama tukuite, akasema mwacheni, yuko kazini." Akabonyeza kabla sijamzuia, na kwa kweli nilikuwa nimenyoosha mkono kumzuia. Niliona anampoteza kijana kwa ukweli ambao mtu mwenye akili timamu angeuficha. Imefika, mtambo ukasema, na Zilizoingia ikakaa kimya.

Akangoja kidogo. Kisha akaweka tiki kwenye majina yote yaliyobaki na kuandika tangazo la kaka yake kama alivyofundishwa: nani, wapi, lini. Akatuma. Simu yangu ikatetemeka mezani, neno lile likajitokeza mbele yake. Na kutoka dukani tukasikia simu ya muuza dawa ikilia, na sauti yake akisema, "Mungu wangu, nani tena?" Restituta alisikiliza hiyo sauti mpaka ilipoisha, akazima kompyuta.

Gozbert hakujibu. Mtu wa Najibu alipopatikana jioni alisema boti imeshaondoka, ina watu na dagaa, hakuangalia ni nani na nani.

Asubuhi nilimkuta Restituta ameshafika Nyamkazi. Alikuwa amesimama kwenye matope ya mwalo na chupa ya maji mkononi. Boti ilipogusa ufukwe wachukuzi wakaivamia, wakaanza kushusha magunia, na sisi tukawa tunachungulia katikati ya migongo yao. Alishuka karibu wa mwisho. Alikuwa amekonda na amefuga ndevu, na shati lake lilikuwa la kazi, lina magamba begani.

"Shikamoo, shangazi. Shikamoo, Ta Rutashobya."

"Marahaba, mwanangu."

Restituta akampa maji. Alikunywa yote. Nilimtazama yule mama nikaona midomo yake inatafuta pa kuanzia, migomba au mvua, na haipati, kwa sababu habari ilikuwa imeshafika kabla yake na hakuna alichobakiwa nacho cha kumfikishia.

"Sema alivyosema," Gozbert akamwambia.

"Si nilikuandikia?"

"Uliandika kwa Kiswahili. Baba hakusema kwa Kiswahili."

Restituta aliangalia huku na huku. Wachukuzi walikuwa wanapita na magunia, mtu anaita bei. Kisha akayasema kwa Kihaya, yale maneno machache, na hakuyasema kwa sauti yake. Aliyasema kwa sauti ya Karugendo, ile ya kukaripia, yenye mkwaruzo, ya mtu anayeona anapotezewa muda kwa maswali ya kijinga.

Gozbert alisikiliza ameinamisha kichwa, mikono nyuma, kama mtoto anayegombezwa.

"Rudia," alisema.

Akarudia.

Gozbert alicheka kidogo, akatikisa kichwa. Akaketi juu ya gunia la dagaa palepale njiani akalia kwa sauti, wachukuzi wakaanza kumzunguka. Restituta, aliyewashika wafiwa wa wilaya mbili, alibaki amesimama na chupa tupu. Halafu naye akaketi kwenye gunia hilo hilo, akaegemea lile bega lenye magamba, na kwa mara ya kwanza tangu kaka yake afe, akalia.